Jamaa: neno la watu wengi na la mtu mmoja

Kuna maneno tunayoyatumia kama vile mama anavyotumia chungu cha nyumbani. Kila siku kinawekwa motoni, kinaoshwa, kinarudishwa mahali pake, wala hakuna anayekigeuza kuangalia kama kimepata ufa. Neno jamaa ni mojawapo ya maneno hayo. Mama anasema: «Jamaa zangu wamefika toka kijijini.» Kijana anasema: «Nilikutana na jamaa mmoja njiani, akaniomba kiberiti.» Padri anasema katika mahubiri: «Sisi sote ni jamaa ya Mungu.» Wote watatu wamesema neno lile lile, lakini hawakusema jambo moja.

Leo tunataka kukigeuza chungu hicho na kukiangalia vizuri. Hatufanyi hivyo kwa kupenda kubishana juu ya maneno. Katika nchi yetu ya Kongo, na hasa katika Katanga, neno jamaa limewapa nyumba watu ambao hawakuwa na nyumba. Neno hilo hilo limefungia wengine mlango. Tena kuna siku ambapo lilitamkwa juu ya majirani waliokuwa wakifukuzwa. Neno lenye kazi kubwa namna hiyo linastahili kuchunguzwa.

NENO LENYEWE

Jamaa ni neno lililotoka katika Kiarabu, na shina lake lina maana ya kukusanya. Kutoka shina hilo Kiswahili kimepata maneno mengine: Ijumaa, ndiyo siku ya Waislamu ya kukusanyika kwa sala, jumuiya, jamii, na tendo la kujumuisha. Basi, hapo mwanzo jamaa halikuwa neno la damu. Lilikuwa neno la watu waliokuja mahali pamoja. Waswahili wa pwani walilipokea, wakaliingiza nyumbani, wakawaita jamaa watu wa ukoo wao. Tangu hapo neno hili lina miguu miwili: mmoja umesimama katika ukoo, mwingine katika mkutano.

Tulipime sasa karibu na maneno ndugu zake. Ndugu ni kwanza mtu wa tumbo moja au wa ukoo mmoja, hata kama tumezoea kulitanua. Rafiki ni mtu niliyemchagua mimi. Naweza kumpenda sana, na jirani yangu asihusike hata kidogo. Chama kina mchango na mkubwa wake. Asiyelipa mchango anafutwa katika daftari. Shirika lina kazi iliyopangwa, na kwa watu wengi siku hizi lina ofisi, gari, na kibao mlangoni. Maneno hayo yote ni mema, na kila moja lina mahali pake. Lakini hakuna hata moja linaloweza kufanya kazi ambayo jamaa linafanya.

Sikilizeni jinsi tunavyosema. Tunasema jamaa hii, na hapo tunataja kundi zima. Tunasema jamaa zangu, na hapo tunataja watu wa kwetu, wengi, mmoja mmoja. Tunasema jamaa huyu, na hapo tunataja mtu mmoja tu aliyesimama mbele yetu. Jaribuni kufanya vile na maneno mengine. Nani amesikia mtu akisema «ukoo huyu», «chama huyu», ama «shirika huyu»? Hata mtoto wa darasa la kwanza angecheka. Ukoo ni ukoo, na mtu ni mtu. Lakini jamaa ni kundi, tena ni mtu. Neno moja linatosha kwa nyumba nzima na kwa yule mmoja aketiye kizingitini.

Kwetu sisi huo ndio ufunguo. Jamaa linatumiwa vizuri pale ambapo maana hizo mbili zinashikana mikono. Linatumiwa vibaya pale ambapo moja inaifukuza nyingine. Ukitaja kundi na kumsahau mtu, umeliharibu. Ukimtaja mtu na kusahau kwamba naye ana nyumba na watu wake, umeliharibu vilevile. Kwa kipimo hicho tuyaangalie matumizi machache ambayo historia yake inajulikana.

JAMAA YA KOLWEZI

Kwanza tukumbuke hali ya makambi ya Katanga. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka wa 1906. Kazi ya shaba ilikuwa nyingi, na watu wa karibu hawakutosha. Kampuni ikatafuta wafanyakazi mbali: Kasai, Maniema, Rodezia ya Kaskazini, hata Rwanda na Burundi. Hapo mwanzo waliletwa wanaume peke yao, kwa muda mfupi. Kisha, katika miaka ya 1920, wakubwa wa kampuni waliona kwamba mtu anayekuja na kuondoka hafiki kuwa fundi, tena anaugua na kufa upesi. Wakaanza kuwapokea wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao, katika nyumba zilizopangwa kwa mistari. Ndivyo watu wa lugha nyingi walivyokuwa majirani, ukuta kwa ukuta, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kazini na ya kwenye bomba la maji.

Fikirini mtu wa Kasai katika nyumba ile. Mtoto wake anashikwa na homa usiku: bibi anayejua dawa yuko wapi? Amegombana na mke wake: wazee wa kuwapatanisha wako wapi? Amekufa: nani atamlilia kwa desturi ya kwao? Mtu huyo alikuwa na namba ya kazi, alikuwa na nyumba, alikuwa na posho ya unga. Jamaa hakuwa nayo.

Ni kati ya watu wa namna hiyo Padri Placide Tempels alipofanya kazi yake iliyozidi kujulikana kwetu. Alikuwa Mfransiskani wa Ubelgiji, aliyezaliwa mwaka wa 1906 na kufika Kongo mwaka wa 1933. Mwaka wa 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu, La philosophie bantoue, kilitolewa huko Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Kitabu hicho kimebishaniwa na wenye elimu wa nchi nyingi mpaka leo. Kuanzia mwaka wa 1953 alikuwa katika makambi ya migodi ya Kolwezi. Huko alikaa na wakristu, mume na mke pamoja, akazungumza nao juu ya yale ambayo mtu anayatamani kuliko yote. Maneno matatu ya Kiswahili yakawa nguzo za mazungumzo yao: uzima, uzazi, mapendo. Na kikundi chenyewe kikajulikana kwa jina la Jamaa.

Tuangalie kama neno lilitumiwa vizuri. Tunasema ndiyo, na sababu zake si za kubahatisha. Kwanza, mtu hakuingia peke yake kama anavyojiandikisha katika chama. Mume na mke waliingia wote wawili. Mke aliyezoea kubaki jikoni wakati wanaume wanaongea barazani alikuwa sasa na neno lake katika mafundisho. Pili, waliomfundisha mtu waliitwa baba na mama yake katika roho. Aliyekuwa mbali na wazazi akapata wazazi, na pengine wazazi hao walikuwa wa kabila lingine kabisa. Tatu, padri mwenyewe alikuwa ndani ya mapendo hayo, hakuyatazama toka dirishani. Tempels alikiandikia kitabu kidogo kilichotoka mwaka wa 1962, kikaitwa Notre rencontre, ndiyo kusema Kukutana kwetu. Jina hilo linaonyesha kwamba alijihesabu kuwa mmoja wa waliokutana.

Hapo kundi lilimwona mtu, na mtu alibeba kundi. Neno lilikuwa na miguu yake yote miwili.

Wenye elimu walioandika juu ya Jamaa, kama Johannes Fabian mwaka wa 1971 na Willy De Craemer mwaka wa 1977, walilazimika kuwaeleza wasomaji wa lugha nyingine maana ya jina hilo, na kwa kawaida linatafsiriwa kuwa familia. Tafsiri hiyo si ya uongo, lakini inapunguza. Ukisema familia, mtu wa Ulaya anaona mara baba, mama na watoto wao mezani. Watu wa makambi hawakuwa na damu moja, wala hawakudanganyana kwamba wanayo. Walikuwa watu waliokusanyika, na kwa kukusanyika wakawa watu wa nyumba moja. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuweka mambo hayo mawili katika neno moja, kabla hata ya mgodi wa kwanza kuchimbwa.

HERUFI KUBWA

Jamaa ilienea upesi kutoka Kolwezi. Ilifika Likasi, ikafika Lubumbashi, ikavuka mpaka Kasai. Padri Tempels alirudi Ubelgiji mwaka wa 1962, akabaki huko mpaka kufa kwake mwaka wa 1977. Kazi ilibaki mikononi mwa wakristu na ya mapadri waliowafuata. Kati ya mapadri na maaskofu, wengine waliifurahia kwa sababu waliona ndoa zinapona. Wengine waliiogopa kwa sababu ya mafundisho yaliyotolewa kwa hatua, ambayo mtu wa nje hakuruhusiwa kuyasikia yote. Vikaonekana pia vikundi vilivyoacha njia ya kwanza, vikaitwa Katete. Mwaka wa 1973 maaskofu wa nchi, ambayo wakati ule iliitwa Zaïre, waliikemea Jamaa na kuiwekea masharti makali.

Hatuandiki hapa hukumu juu ya mafundisho. Hiyo ni kazi ya wakubwa wa Kanisa, nao walisema walichosema. Sisi tunaliangalia neno, na neno lilikuwa limepatwa na jambo ambalo sikio halisikii lakini jicho linaona katika maandishi: lilipata herufi kubwa. Jamaa ikawa jina. Tangu hapo kulikuwa na «watu wa Jamaa», na kwa hiyo kulikuwa pia na watu wasio wa Jamaa. Jirani aliyekaa ukuta kwa ukuta na mtu wa Jamaa, aliyechota naye maji kwenye bomba moja, aliyepiga magoti naye katika kanisa moja, aliambiwa kimyakimya kwamba yeye si jamaa. Je, kuna kinyume kikubwa kuliko hicho? Neno lenye shina la kukusanya likawa la kutenga.

Hatusemi kwamba watu wa Jamaa walitaka hivyo. Wengi wao walikuwa wema, na parokia nyingi za Katanga zilijengwa na mikono yao. Tunasema kwamba hatari hiyo imo katika kila kikundi kinachopendana sana. Watu wakipata joto, wanafunga mlango ili joto lisitoke. Haichukui muda mrefu wanasahau kwamba kuna mtu nje kwenye baridi. Hapo kundi limebaki, na jamaa huyu, yule mmoja aketiye kizingitini, amepotea.

NG'AMBO YA ZIWA TANGANYIKA

Wakati Jamaa ikienea kwetu, ng'ambo ya ziwa neno lile lile lilikuwa likipanda ngazi nyingine. Mwaka wa 1962 Julius Nyerere, mkristu mkatoliki na mwalimu kwa kazi yake ya kwanza, alitoa maandishi yenye kichwa cha Ujamaa. Aliiongeza herufi moja mbele ya jamaa, akapata neno la siasa. Mawazo yake yalikuwa safi kueleweka: ukoo wa Kiafrika ulimtunza kila mtu wake, na kila mtu alifanya kazi, basi, nyumba hiyo itanuliwe, ivuke kabila, ivuke mpaka wa nchi, iwafikie watu wote. Kwa Kiswahili hilo halikuwa neno la ajabu. Miguu yote miwili ya neno ilimruhusu kusema hivyo. Azimio la Arusha la mwaka wa 1967 likaufanya ujamaa kuwa njia ya nchi nzima.

Tena Nyerere hakuacha kusema juu ya kazi. Katika maandishi yale ya mwaka wa 1962 aliikumbusha methali inayojulikana: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tutairudia methali hiyo mbele kidogo.

Mwanzoni vijiji vya ujamaa vilikuwa vya hiari. Lakini watu hawakuhamia upesi kama serikali ilivyotazamia. Mwezi wa Novemba 1973 ikaamriwa kwamba watu wote wa mashamba wakae katika vijiji kabla ya mwisho wa mwaka wa 1976. Mamilioni ya watu walihamishwa. Mahali pengine walikwenda kwa amani; mahali pengine walisukumwa, na nyumba zao za zamani zilibomolewa au kuchomwa moto ili wasirudi. Wengi walipata kwa njia hiyo shule, maji na dawa karibu nao, na ni lazima kulisema jambo hilo pia. Lakini mtu aliyepakizwa katika lori pamoja na vyungu vyake, akashushwa mahali asipopajua, akaambiwa: «Hapa ndipo kwenye ujamaa», mtu huyo aliona nini? Aliona kundi. Hakuona kwamba kundi limemwona yeye.

Katika Kolwezi kosa lilikuwa la mlango uliofungwa. Ng'ambo ya ziwa kosa lilikuwa la mtu kuingizwa mlangoni kwa nguvu. Yote mawili yana mzizi mmoja: hesabu ya kundi ilikuwa kubwa kuliko uso wa mtu. Jamaa ni kukusanyika. Si kukusanywa kama kuni.

«JAMAA WALE»

Sasa tufike kwenye matumizi mabaya kuliko yote, nayo hayahitaji kikundi wala serikali. Yanahitaji mdomo tu.

Tumesema kwamba jamaa huyu ni mtu mmoja. Ni neno zuri, kwa kuwa linampa mtu tusiyemjua jina la mtu wa kwetu. «Jamaa mmoja alinisaidia kusukuma baiskeli.» Hatujui anaitwaje, lakini tumemwita jamaa. Lugha nyingi hazina adabu hiyo. Lakini adabu ikizoeleka sana, inakauka. Siku hizi jamaa mmoja, jamaa fulani, jamaa wale ni mara nyingi maneno ya kutupa. Mtu anasema «jamaa wale» akimaanisha: wale, si sisi, wale wenye tabia yao, wale waliokuja toka kwao.

Katika miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika Katanga, ambayo wakati ule iliitwa Shaba. Ilianza kwa nguvu huko Likasi mwaka wa 1992, ikafuata Kolwezi mwaka wa 1993. Watu maelfu na maelfu walikimbilia kwenye stesheni za reli, wakakaa pale majuma na miezi, na watoto na wazee, wakingoja gari la moshi la kuwapeleka Kasai. Wengi wao hawakuwahi kuiona Kasai. Walizaliwa katika nyumba zile zile za mistari ambamo baba na babu zao waliingizwa na kampuni. Wengi walikufa kwa ugonjwa na kwa njaa, kwenye stesheni na njiani.

Wasomaji, angalieni jina la mji. Kolwezi! Mji ambapo, miaka 40 mbele yake, mtu wa Kasai na mtu wa Katanga waliweza kuitana baba na mama katika roho. Hatusemi kwamba neno peke yake lingezuia ubaya ule. Ubaya ule ulikuwa na sababu zake: siasa ya wakati wa mwisho wa utawala wa Mobutu, kazi zilizopungua migodini, na maneno ya chuki yaliyosemwa mbele ya watu. Lakini tunasema kwamba kabla ya jirani kufukuzwa katika nyumba yake, hufukuzwa kwanza katika maneno. Kwanza anaacha kuitwa kwa jina lake. Kisha anakuwa «jamaa wale». Baada ya hapo, kumtolea vitu vyake nje si kazi ngumu tena.

Hapo neno lilikatwa mguu wa pili. Walimtaja mtu, lakini walisahau kwamba naye ana nyumba, ana makaburi ya watu wake pale pale mjini, ana watoto waliobatizwa katika kanisa lile lile.

MZIGO WA JAMAA

Kuna msomaji atakayesema: «Ninyi mnalisifu neno hili, lakini mimi jamaa zangu wananimaliza. Nikipokea mshahara leo, kesho watano wamefika. Mmoja anataka pesa za shule, mwingine za hospitali, wa tatu anataka kulala tu na kula. Mkisema kwamba watu wote ni jamaa, nitakufa.»

Maneno hayo ni ya kweli, na si vizuri kuyajibu kwa hotuba. Watu wengi wa miji yetu wanabeba mzigo huo, na wengine wameuficha mshahara wao kama vile mtu anavyoficha kosa. Lakini tuulize: je, ni jamaa inayomchosha mtu huyo, ama ni upungufu wa jamaa? Anachoka kwa sababu yeye ni mtu mmoja anayetoa, na waliobaki ni kundi linalopokea. Hapo pia neno limekatwa mguu. Wao wanamwona kama mfuko, hawamwoni kama jamaa huyu, mtu anayechoka, anayeugua, mwenye deni. Na yeye kwa upande wake anawaona kama kundi la midomo.

Ndiyo sababu methali ile ya jembe ni ya hekima. Siku mbili za kwanza mgeni anapewa chakula, kwa kuwa yeye ni mtu na ametoka safari. Siku ya tatu anapewa jembe, si kwa kumfukuza, bali kwa kumwingiza. Mwenye jembe mkononi si mgeni tena. Amekuwa wa nyumba. Anayemkatalia mgeni chakula anavunja jamaa, na anayemkatalia jembe anaivunja pia, maana anambakiza mgeni siku zote. Katika miji jembe linaweza kuwa kuchota maji, kulinda watoto, kuuza mkaa mbele ya nyumba. Mtu asiyeombwa kitu chochote hajaaminiwa bado.

JAMAA ILIYOSIMAMA NJE

Evanjili ya Marko, katika sura yake ya tatu, ina habari ambayo tumeisikia mara nyingi katika Misa bila kuipima. Yezu yumo ndani ya nyumba, na watu wamejaa mpaka hakuna nafasi ya kula. Jamaa zake wa damu wanatoka kumshika, kwa kuwa wanafikiri amepoteza akili. Baadaye mama yake na ndugu zake wanafika, wanasimama nje, wanamtumia ujumbe. Naye anawatazama wale walioketi kumzunguka, wavuvi na wagonjwa na watu wasiojulikana, anasema kwamba hao ndio mama yake na ndugu zake, yaani kila afanyaye mapenzi ya Mungu.

Wengine wanaogopa habari hiyo, wakidhani Yezu alimkana mama yake. Sivyo. Hakuna aliyeyafanya mapenzi ya Mungu kuliko yeye. Yezu hakuifukuza jamaa ya damu. Aliutanua mlango mpaka wale wa nje na wale wa ndani waweze kuwa nyumba moja. Na tuangalie alivyofanya: kabla ya kusema, aliwatazama. Hakutaja kundi kwa macho yaliyofumba. Aliwaona mmoja mmoja, kisha akawaita wa kwake.

TULITUMIE NAMNA GANI?

Mwaka wa 1961 maaskofu wa Kongo, wakiwa katika mkutano wao mkuu, walichagua njia ya kulijenga Kanisa kwa jumuiya zenye uhai. Leo parokia zetu zina jumuiya za ujirani, ambazo mahali pengine zinaitwa shirika. Watu wa nyumba chache wanakutana, wanasoma Neno la Mungu, wanatembelea wagonjwa, wanasindikiza wafu. Katika mikutano hiyo neno jamaa linatajwa kila mara. Ni vizuri. Lakini tulipe kazi yake kamili.

Mkisema «sisi jamaa», ulizeni mara: nani hakuja leo? Mtajeni kwa jina. Kama hakuna anayejua kwa nini mjane wa nyumba ya pembeni ameacha kuja, basi ninyi ni mkutano, hamjawa jamaa bado. Ulizeni tena: kijana aliyepanga chumba katika ua ule mwezi uliopita, asiyejua lugha ya watu wa hapa, nani amemwendea? Yeye hataomba kuingia. Atapita mlangoni, atasikia mnaimba, ataendelea na njia yake.

Mkisema «jamaa yule», ngojeni kidogo. Ana jina. Ana mama. Kama ninyi hamjui jina lake, mwulizeni. Si kazi kubwa. Katika Kivu, tangu vita vya mwaka wa 1996, watu wengi waliokimbia vijiji vyao wamepokelewa katika nyumba za watu maskini kama wao, wakagawana nao chumba na sufuria ya ugali. Wengi wa waliopokea hawakuwa na damu moja na waliopokelewa. Walimwona mtu aliyesimama mlangoni na mzigo kichwani, na hiyo ilitosha kuwa sababu. Hao hawakuandika maandishi juu ya neno jamaa, lakini wamelieleza kuliko sisi.

Wazazi nao wana kazi yao. Mtoto anajifunza neno mezani kabla ya kulijifunza shuleni. Akisikia kila siku «jamaa wale» kwa sauti ya dharau, atakua na neno bovu kinywani, wala hatajua kwamba ni bovu. Akisikia baba yake akimwita kwa jina lake mtu wa kabila lingine anayefanya naye kazi, na kuuliza habari za watoto wake, atakuwa amefundishwa maana nzima bila kitabu.

Basi, wasomaji wapenzi, tunawaachia kazi moja ya juma hili. Kila mara mtakapotamka neno jamaa, jiulizeni mmemtaja nani, na kama yeye angekuwa karibu angependa kusikia. Kama jibu ni hapana, badilisheni sauti, ama nendeni mkamsalimu.